Mstari Ambao Mashine Huuruka

Umeme ulikatika kati ya mtoto na mtoto.
Wa kwanza alikwisha andikwa: saa nane na dakika tisa usiku,
mvulana, kilo mbili na nusu, analia vizuri.
Wa pili alitokea gizani,
kwa mwanga wa simu ambayo Sista Ithungu aliibana kwa meno,
na jenereta ilipokohoa, ikakubali,
seva yetu hapa Kasese ilizinduka kama mlevi mtaroni
ikaapa kuwa leo ni tarehe mosi Januari
mwaka elfu moja mia tisa sabini.

Daftari halibishani na saa. Likaandika.
Hivyo Biira, mzaliwa wa tisini na nane,
akapata binti aliyemtangulia duniani,
na kaka yake pacha akawa mdogo
wa dada anayekaribia kustaafu.

Mimi ni Kule. Kwetu jina ni namba:
anayeniita anajua kuna watatu mbele yangu.
Foleni ya kuzaliwa haichezewi mbele ya watu kama sisi.

Kosa lenyewe lina ukubwa wa sarafu:
betri ndani ya mashine, imekufa,
shilingi elfu tano mjini,
miezi mitatu kwenye fomu ya ununuzi.

Nilijaribu kwanza kwa mkono. Nikauliza, saa ngapi?
Sista akasema nane, nikapiga nane,
mashine ikaelewa asubuhi.
Yenyewe huhesabu tangu katikati ya giza, sisi tangu jua,
na mimi, kwa usingizi, nilizama katika saa sita zilizo kati yetu.

Zamani king'ora cha mgodi wa Kilembe
kililia saa moja asubuhi, na baba akazungusha kishikizo cha saa yake
bila kutazama, uji ukiwa bado mdomoni.
Bonde zima lilikuwa na dakika moja.
King'ora kiliponyamaza
kila nyumba ilianza kuchelewa kivyake.

Basi nikaandika skripti.

Mashine ikiamka, isifungue daftari.
Ingoje: mtandao wa hapa huamka baada ya umeme,
kama mgeni aliyelala vizuri.
Iulize seva tatu. Shahidi mmoja si ushahidi.
Zikikubaliana, ipime tofauti.
Ikiwa ni miaka, iruke mara moja, kabla hajazaliwa mtu.
Ikiwa ni sekunde, isiishtue saa,
iisukume taratibu, kama unavyomgeuza mtoto usingizini,
maana dakika ikirudi nyuma
dozi moja yaweza kutolewa mara mbili.
Zisipojibu, iseme haijui.
(Hapo pa kusema sijui palinimalizia usiku mzima.)
Irudie kila robo saa.

Ijumaa, wodi ya uzazi ikiwa tupu, nilichomoa waya makusudi.
Sabini, ikasema skrini.
Nukta. Nukta. Nukta.
Kisha: tofauti, sekunde bilioni moja na milioni mia saba na ushee.
Kisha leo.
Nilipiga makofi peke yangu; mlinzi akachungulia, akaondoka.

Ila skripti huponya kwenda mbele tu.
Binti wa Biira alikuwa bado amekwama kule nyuma,
na mama yake anataka cheti.
Nikamfuata Sista kwenye foleni ya chanjo: ulijuaje saa?
Hakuinua macho kutoka kwenye sindano.
"Nilipomkata kitovu nilitazama simu.
Nane na dakika thelathini na moja. Chaji asilimia nne."

Nikairekebisha rekodi herufi kwa herufi.
Halafu nikarudi juu kabisa ya skripti,
nikaweka alama ya reli,
ile inayoiambia mashine: haya hayakuhusu, pita,
na mbele yake nikaandika

# wa pili ni msichana, 8:31 usiku kwa saa yetu, mvua ilikuwa inanyesha. muulize Ithungu.